Mume Wangu Kamwonyesha Mlango Mkunga Wangu

Mhariri, jina langu lifiche, na wasomaji wenzangu mnisikilize. Mie ni mwanamke wa miaka ishirini na mbili, nnakaa mtaa wa Ng'ambo. Mimba yangu ya kwanza iko mwezi wa tisa. Mama kafariki. Mume wangu ni karani wa Mzungu mmoja huko mjini.

Waingereza wana usemi wao: mtu akikatizwa maneno na kutolewa nje, husema kaonyeshwa mlango. Huyo Mzungu wa kazini huwafanyia hivyo wenye shida wanaomwendea, na mume wangu kaupenda usemi huo, we! Kila jioni hunihadithia nani leo kaonyeshwa mlango, huku akicheka. Na mie mjinga nikicheka naye.

Ijumaa iliyopita alikuja Bi Mwanaidi, mkunga anayenikanda tumbo, ndiye aliyemzalisha mama aliponizaa mie. Alimkuta mume wangu ukumbini na wenzake wa kazini. Bi mkubwa yule hana kificho, akasema mbele yao, "Baba, mtoto kakingama, kalala upande tumboni. Nipishe nimkande mkeo leo, tusije tukajuta." Mume wangu akaona kaaibishwa. Hakumwacha hata amalize.

"Mlango ule pale, bibi. Toka!"

Bi Mwanaidi akajitanda kanga yake. "Haya, baba. Lakini mtoto hangoji hasira zako ziishe." Akenda zake.

Wageni walipoondoka nikamlilia. Akaapa, "Wallahi, kizee yule akikugusa tumbo tena, hapa au popote, talaka yako hiyo!" Nikamwomba basi anipeleke hospitali. Akanambia siku ikifika, sasa hataki kelele; na bila idhini yake hospitali siendi. Jamani, talaka ya kutundikwa, iliyofungwa kwenye sharti, si mchezo. Nimemuuliza shehe wa mtaani, kanambia mkono ule ukinigusa tu, talaka imepita.

Majirani wameshasikia. Bombani tunakoteka maji wananiamkia kwa sauti ndogo, macho yote tumboni kwangu. Jana kutwa mtoto hakucheza. Nikiweka mkono ubavuni nnakuta kitu kigumu, kimetulia tu.

Mume wangu nampenda, na siku hizi namwogopa. Nikimwita Bi Mwanaidi, sina ndoa wala pa kulala. Nisipomwita, yatakayotufika mie na mwanangu ulimi hauwezi kuyatamka. Nyinyi mliozaa, na nyinyi mliozika, nambieni nishike lipi. Gazeti hutoka Jumamosi, na mie sijui kama Jumamosi tutaifika sote wawili.