Rafu Iliyokwama Mlangoni

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile ayeeyo, nyanya yangu mzaa mama, alipoingia katika chumba changu cha vitabu pale Balambala, akaitazama rafu mpya iliyojaza ukuta mzima, kisha akaanza kumuuliza fundi maswali. Nimeikumbuka tena juzi uliponionyesha kwenye simu picha ya rafu unayotaka kutengenezewa huko Modogashe, ulikopangiwa kufundisha. Nilinyamaza, ukadhani imenipendeza. Sasa keti, chai bado ina moto, nikueleze kwa nini nilinyamaza.

Nilikuwa na umri kama wako, mwalimu mpya, binti wa kwanza katika ukoo wetu kushika chaki, na nilijiona sana kwa hilo. Ayeeyo alikuwa amenilea ndani ya aqal, ile nyumba yetu ya fito zilizopindwa na mikeka, ambayo kwetu Wasomali hujengwa na mwanamke na kubomolewa na mwanamke. Utotoni niliibomoa na kuipakia juu ya ngamia mara nyingi hata nikaichoka. Nilipoanza kupata mshahara niliapa kwamba sitamiliki tena kitu cha kufungwa kwa kamba.

Shule ilinipa chumba kidogo upande wa mtoni, nikakijaza vitabu. Nilivipata kwa kuomba, sioni haya kusema. Niliomba kwa walimu waliohamishwa, kwa maofisa waliorudi kwao bara, kwa kila mpita njia aliyeonekana msomi. Watoto wa pale hawakuwa na maktaba nyingine. Nikamwita fundi Mutua kutoka Garissa mjini, seremala wa Kikamba mwenye mikono mizuri na mdomo mzuri zaidi, nikamwambia nataka rafu ya kukaa milele. Akaijenga mle mle ndani, sakafu hadi karibu na dari, akaipigilia ukutani kwa misumari ya zege. Ilikuwa pana kuliko mlango, na mimi niliona hiyo ndiyo fahari yake. Vitabu vya watoto wadogo, vile vya picha na herufi kubwa, nilivipanga chini kabisa ili wavifikie wenyewe.

Basi ayeeyo akaja kuona. Aliikagua rafu kama mtu anayenunua ngamia, akaigonga hapa, akaibonyeza pale. Mimi na yeye tulizungumza Kisomali, lakini kwa fundi ilibidi atumie Kiswahili chake cha sokoni.

"Fundi, hii kazi nzuri, mashallah. Lakini siku ya kuhama, tabitia wabi?"

Mutua akatabasamu. "Nyanya, hii haihami. Kwake ni hapa."

"Na maji kama nakuja? Fitabu nabeba nani?"

Nami, Mungu anisamehe, nikacheka. Niliicheka ile "wabi" na ile "fitabu" mbele ya mgeni, kisha nikamwambia ayeeyo kwa Kisomali kwamba mimi si mtu wa kuhamahama tena, na kwamba vitabu si mbuzi. Alijitanda mtandio wake vizuri, akatoka. Katika yote nitakayokusimulia, kicheko kile ndicho kinachoniuma hadi leo.

Mvua ya msimu ule ilinyesha huko juu milimani, si kwetu. Kwetu jua lilikuwa linawaka kama kawaida, ndivyo mto Tana ulivyo, unakuletea mafuriko na wewe umeanika nguo. Adhuhuri moja chifu akapita akitangaza kwamba mto umevunja kingo na kila mtu apande nchi ya juu. Lori likaja shuleni kuchukua watoto na vyombo, na dereva akasema hatasubiri sana. Wanaume wanne walitoa vitabu vya juu, wakavirundika nje, ili rafu iwe nyepesi. Wakaing'oa ukutani, wakaivuta hadi mlangoni, na pale mlangoni ikakwama. Haikutoka, haikurudi. Vitabu vya chini vilikuwa bado ndani yake, vimebanwa upande wa ndani tusikoweza kufika. Dereva akapiga honi mara mbili, wale wanaume wakadandia, akaondoka, na alikuwa na haki kwa sababu alibeba watoto.

Nikabaki nimesimama kando ya lundo la vitabu, maji yakianza kuonekana kule kwenye mashamba ya ndizi. Ndipo ayeeyo akatokea na mkokoteni wa punda. Nyumba yake yote ilikuwa juu ya mkokoteni huo, imeshabomolewa na kufungwa, mwanamke wa umri ule, katika muda ambao sisi tulikuwa tunasukumana na mbao. Alitazama lundo langu, akatazama mkokoteni. Hapakuwa na nafasi. Akaanza kushusha fito zake chini, zile fito alizokatiwa na mama yake mzazi siku ya harusi, moja baada ya nyingine. Akatandaza mikeka, tukaviringisha vitabu ndani yake, tukafunga kwa kamba, tukapakia.

"Na fito, ayeeyo?" nikamuuliza.

"Fito nitakata nyingine," akasema. "Shika punda."

Hakukata nyingine kama zile, mwanangu. Mti wa mama yake haukuwa wa kukatwa mara mbili. Maji yalizichukua, na yakachukua vitabu vyote vya chini, na watoto wa darasa la kwanza na la pili wakasoma mwaka mzima bila kitabu cha kushika mkononi. Nililia, na nilistahili kulia.

Kule juu ayeeyo hakunigombeza siku ile. Alingoja nimalize kulia, ikawa kesho yake. Akaniambia, "Uliona aibu kuhama. Ukajenga kitu kisichohama, na wadogo ndio waliolipa." Nilimwomba radhi kwa kile kicheko, akanishika kichwa akaniombea dua, lakini hakusema kwamba si kitu. Alijua ni kitu.

Maji yalipopungua Mutua alikuja mwenyewe, ameinamisha kichwa. Ayeeyo akamketisha. Akatwaa sanduku la mbao la majani ya chai kutoka dukani, akalijaza vitabu, akanipa. "Beba mpaka ule mti," akaniambia, akionyesha mgunga uliokuwa mbali kidogo. Nikalitua katikati ya njia. Akatoa vitabu vichache, nikaenda tena, nikatua tena. Mara ya tatu nikafika bila kutua. Akamwambia Mutua, "Hii ndio kibimo. Sasa lete na mwenzake."

Hapo ndipo Mutua alipouliza mwenzake wa nini. Ayeeyo akacheka, zamu yake sasa. Mzigo wa ngamia huwa pande mbili zilizolingana, na ukipakia upande mmoja tu, ngamia halaumiwi akikataa kuinuka. Mutua akatengeneza masanduku mawili mawili, yaliyo wazi mbele, ya kipimo kimoja. Pembeni akatoboa matundu ya kupitisha kamba za kushikia. Chini ya kila sanduku akakaza vijiti viwili vinavyoingia ndani ya kingo za lililo chini yake, lisiteleze. Ukiyapandanisha ni rafu. Siku ya kuhama unalilaza kila moja chali na vitabu vyake humo humo, unafunika kwa mkeka, unafunga. Ni yale yale unayoyaona hapa kwangu Galbet kila ukija, unayoyaita makuukuu. Yamehama nami kila nilikohamishwa, na hakuna kitabu kilichobaki nyuma.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mwanangu. Usijenge rafu kwa kipimo cha ukuta, kwa kuwa ukuta si wako. Jenga kwa kipimo cha mikono yako, na ukajipime mwenyewe, usimwachie fundi. Tumia skrubu, si misumari. Sanduku la chini kabisa liinue kwa vipande vya mbao, mchwa wa Modogashe hawana adabu. Masanduku yakipandana yasipite kifua chako kwa urefu, na la juu ulifunge ukutani kwa kamba unayoweza kuifungua haraka. Vitabu vya wadogo viweke chini wavifikie, lakini viwe katika sanduku lao, na hilo ndilo la kwanza kutoka nje. Na mzee akikuuliza swali kwa Kiswahili kilichopinda, msikilize swali lake, uache lafudhi yake.

Pale mlangoni nimekutengea masanduku mawili, yale ya kwanza kabisa, yanalingana. Nimeyabeba mwenyewe asubuhi kutoka chumbani, na nilitua njiani mara mbili, kwa hiyo sasa ni yako. Mwenyezi Mungu akufikishe salama, akupe wanafunzi wasumbufu wanaopenda kusoma, na siku ya kuhama ikifika, mikono yako itoshe.