Mfuniko wa Landrova ya Protasi

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nimewahi kufungua boneti nikamkuta nyoka amejikunja juu ya betri, nikamtoa kwa fimbo nikaendelea na kazi. Lakini kwa Landrova ya Protasi nilishtuka mpaka spana ikanidondoka, na hata sasa nikisikia mlio wa gari lile ukitokea barabara ya Ruangwa moyo unanidunda.

Protasi ni mkulima wa Matambarale. Ana korosho, ana ufuta, na ana hiyo Landrova ya dizeli ya zamani inayopita kwenye tope ambapo magari mapya yanageuza. Watu waliipa jina la Dripu. Tanki lake lilikuwa halitoi mafuta, basi mwenyewe akafunga dumu juu ya paa, akateremsha mpira mpaka kwenye injini, dizeli ikawa inashuka yenyewe. Abiria walikuwa wanamwambia anaendesha mgonjwa, na yeye anacheka nao. Ni mtu mrefu, mpole, ambaye ukimuuliza swali unaweza kumaliza kuvuta sigara kabla hajakujibu.

Mwaka huu, baada ya korosho kuuzwa, alikuja gereji kwangu Nachingwea. Akachuchumaa, akaokota kijiti, akaanza kunichorea mchangani. Alitaka tanki jipya, na la pili la akiba kwa safari ndefu. Alitaka pampu ya umeme badala ya ile ya zamani, chujio la kutenganisha maji na dizeli, na mipira yote mipya ya kupitishia dizeli kuanzia nyuma hadi mbele. Mimi sijui kumpamba mteja. Nilimwambia kwa mali hiyo yote angeweza kuezeka nyumba upya, na gari lenyewe ni zee kuliko yeye. Akaendelea kuchora. Baadaye akasema hafanyi kwa ajili yake, anafanya kwa ajili ya mama Teodosia.

Mama Teodosia ni mkewe, Dionisia. Alikuwa hajakanyaga ndani ya gari lile tangu mama yake mzazi, Bi Rozalia, alipofia humo.

Habari hiyo niliisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Bi Rozalia alibanwa na kifua, wakampakia kumkimbiza hospitali. Wakati huo dumu la juu lilikuwa bado halijafungwa, gari lilikuwa linatumia tanki lake. Maeneo ya Likunja likazima. Protasi akachungulia kwenye tanki, dizeli imejaa. Akarudi mbele, akatoa upepo kwenye mipira ya dizeli, likawaka, likaenda kidogo, likazima tena. Akashuka, akachungulia, akatoa upepo. Wakaenda hivyo hivyo, kuwaka na kuzima, hadi mgonjwa akakata roho kichwa kikiwa mapajani mwa binti yake. Msibani Dionisia alisema mbele ya watu kwamba gari la Protasi ndilo lililomuua mama yake. Na hakuacha kusema. Jumapili alitembea kwa miguu kwenda kanisani huku gari limesimama uani. Mwishowe alimpa mumewe sharti moja: atapanda siku lile tumbo lote la mafuta, tanki na mipira yake, litakapotolewa na kutupwa.

Niliposikia hivyo nikakubali kazi.

Sasa mimi nina tabia yangu, sifungui kitu kabla sijakisikiliza. Nikachomoa mpira wa dumu, nikarudisha ule wa tanki, nikamimina dizeli, nikafunga mfuniko, nikawasha. Injini ikaunguruma vizuri. Ikakaa, ikaanza kukohoa, ikazima. Nikaenda kufungua mfuniko, na tanki likavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyezibwa mdomo kisha akaachiwa. Nikaugeuza mfuniko. Katikati kuna kitundu cha hewa, kwa sababu mafuta yakitoka lazima hewa iingie, la sivyo tanki linakaba na pampu haivuti kitu. Kitundu kile kilikuwa kimezibwa kwa ndani, kimejazwa gundi ya mkorosho iliyokauka ikawa ngumu kama jiwe. Kila Protasi alipofungua kuchungulia dizeli, hewa iliingia, gari likapona. Alipofunga, akalikaba upya. Yeye akadhani dawa ni kule kutoa upepo.

Hapo ndipo spana iliponidondoka. Tanki zima, pampu nzima, mipira haina hata ufa.

Nikamwita Protasi, nikamwonyesha. Nilitegemea atacheka au atatukana. Aliushika mfuniko, akaikwangua gundi kwa ukucha, na uso wake ukabadilika hadi nikaogopa. Akakaa chini. Kisha akanieleza, kwa mafungu mafungu kama kawaida yake. Pasaka ya mwaka ule wa msiba, kwenye mlima, dizeli ilirukia kitenge kipya cha mkewe kutoka kwenye kile kitundu. Waliporudi, Dionisia alikwenda shambani akachuma gundi, akaziba. Akamwambia mumewe kwamba amekwisha kumzibia pale panapovuja. Naye akamshukuru, akasahau. Mama mkwe aliugua wiki iliyofuata.

Nilipandwa na hasira, nasema kweli. Nikamwambia achukue mfuniko huo aende nao nyumbani sasa hivi, akauweke mezani mbele ya yule mwanamke aliyemsimanga miaka yote hii. Nikamwambia kazi imekwisha, natoboa kitundu, arudi na mali yake.

Akaniangalia. "Fundi Awadhi," akasema, "mimi nimeshazoea kubeba hili. Yeye ataanzia wapi?"

Nikainama kuokota spana.

"Weka kila kitu kama tulivyopanga," akasema.

Basi nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya: nikang'oa tanki zima nikafunga jipya, nikang'oa pampu nzima nikafunga ya umeme. Nilikuwa nakaza boliti huku nimenuna. Ule mfuniko wa zamani niliutia kwenye mfuko wa ovaroli.

Siku ya kuchukua gari Dionisia alikuja kwa bodaboda. Ni mwanamke mfupi, mwepesi wa macho. Hakunisalimia sana. Alilizunguka gari, akainama chini, akagonga tanki kwa vidole, akataka kuona lile la zamani lilikotupwa. Nikamwonyesha.

"Nilisema siku zote," akaniambia. "Ubovu ulikuwa humu."

Protasi alikuwa amesimama karibu na mlango. "Ulisema kweli, mama Teodosia."

Nikauma meno. Dionisia akafika kwenye mfuniko mpya, akaupapasa.

"Na huu nao una tundu," akasema. "Utarushia watu mafuta."

"Uache urushe," Protasi akajibu, haraka kuliko nilivyowahi kumsikia akijibu kitu.

Yule mama akageuka akamtazama mumewe. Kidole chake kilibaki juu ya kitundu. Kisha akanitazama mimi, akauliza polepole, "Fundi, hili tundu kazi yake nini?"

Sina mteja niliyewahi kumficha ukweli wa gari lake, na mji mzima unanijua kwa hilo. Nikamwona Protasi nyuma yake, macho yamemtoka, ananisihi bila kusema neno.

"Halina kazi, mama," nikasema. "Mifuniko inakuja hivyo hivyo."

Aliondoa kidole, akakifunga ndani ya kiganja, akaenda mpaka upande wa abiria, akapanda. Protasi akamfungia mlango taratibu. Nilidhani yamekwisha.

Ndipo nikaisikia sauti ya Dionisia kupitia dirishani, ndogo, kavu.

"Baba Teodosia. Kile kitenge cha Pasaka bado ninacho. Doa halikutoka."

Protasi alibaki ameshika mlango uliokwisha kufungwa, na mimi nikaingiza mkono mfukoni nikaufunika ule mfuniko, ingawa hakuna aliyekuwa anauangalia.