Walisema Kule Hakuna Watu

Dada yangu aliponunua kiwanja jangwani, magharibi kabisa ya Texas, nilidhani kazi ya hospitali imemchosha akili. Ilikuwa mwaka 2017. Alikuwa muuguzi Houston kwa miaka mingi, ana nyumba yake Pearland, nyumba ambayo kila mgeni kutoka Tanzania alipiga picha mbele ya mlango wake. Mimi nilikuwa Mesquite, upande wa mashariki wa Dallas, na mume wangu fundi umeme na watoto wetu wawili.

"Huko kuna nini, dada?" nilimuuliza kwenye simu.

"Kuna kimya," akajibu. "Na mvua ikianza kudondoka, harufu ya udongo ni ile ile ya Singida. Njoo uione kabla hujanicheka."

Nilikwenda. Tuliendesha gari kutwa nzima mpaka nyasi zikaisha, vikabaki vichaka vya miiba, mawe mekundu na mbingu. Sitaki kudanganya kwamba niliipenda mara moja. Lakini jioni tulipokaa kwenye ngazi ya treila yake tukila mihogo ya kukaanga aliyoibeba kutoka Houston, nilimwona dada yangu akiwa ametulia kwa namna ambayo sikuwa nimemwona tangu mama afariki. Mpango wake ulikuwa kustaafu pale. Alikuwa akijipangia zamu zake mfululizo hospitalini ili apate siku za kutosha za kwenda huko, na kila akienda alipanda kitu: mkomamanga, mpapai uliokufa, mpapai mwingine uliokufa, halafu mlonge uliokubali.

Maji aliyapata kwa kuchimba kisima. Yalikuwa na chumvi kidogo, lakini yalikuwa maji, na kule hilo si jambo dogo. Aliyemsaidia kupata wachimbaji ni jirani yake wa pekee wa karibu, mjane mwenye asili ya Meksiko aliyefuga mbuzi kwenye ardhi ya babu wa babu yake. Dada alipokuwa zamu Houston, mjane yule ndiye aliyemwagilia mlonge.

Mwaka uliofuata kikaja kibao barabarani. Kampuni fulani ilitaka kujenga kituo kikubwa cha data ng'ambo ya barabara, majengo marefu ya kuwekea kompyuta zinazofanya kazi usiku na mchana. Kompyuta hizo hupata joto kali, na kuzipoza kunahitaji maji. Maji yale wangeyatoa wapi, jangwani? Walikotoa dada yangu na mjane: chini.

Dada hakungoja. Alianza kuzunguka na karatasi za kukusanya saini, kwanza kwa wafugaji wa kule, halafu kwetu sisi Watanzania. Nilikuwa naye Gulfton, Houston, kwenye akika ya mtoto wa rafiki yetu, katika ghorofa iliyojaa watu mpaka kwenye korido. Baada ya pilau akasimama akaeleza. Watu walimsikiliza kwa adabu. Kisha bwana mmoja mhasibu, ambaye nilikuwa nikimheshimu sana, akacheka.

"Dada, kwa heshima zote, hilo ni jangwa. Kule hakuna watu. Wakijenga jangwani unalalamika, wakijenga mjini unalalamika. Hizo picha za mtoto unazopiga leo unadhani zinakaa wapi?"

Watu wakacheka naye. Nilikuwa tayari kumjibu vibaya, dada akanishika mkono.

"Mimi ni mtu," akamwambia. "Na nyumbani kwetu Singida pia walikuwa wanasema pakavu, hakuna kitu. Uliwahi kunywa maji ya Singida, kaka?"

Waliosaini siku ile walikuwa wachache, wengi wao akina mama waliokuwa jikoni.

Nilirudi Mesquite nikiwa nimefura. Nikamkuta mume wangu mezani na kompyuta yake, uso umemchangamka.

"Nime-apply kazi," akasema. "Usimamizi wa mafundi. Kituo kipya cha data, huko huko kwa shemeji, wakipata kibali."

Nilidhani anatania. Alipoanza kunieleza kuhusu mshahara, nikaondoka chumbani. Tuligombana wiki nzima, kwa sauti ya chini kwa sababu ya watoto. Yeye alisema umeme ndio kazi yake, kwamba hata Dallas ameshafunga nyaya kwenye majengo ya aina hiyo na sikuwahi kulalamika. Ni kweli. Nilikuwa nikipita mbele ya majengo yale kila siku, makubwa, hayana madirisha, wala sikuwahi kuuliza yanakunywa nini. Lakini hilo lilizidi kunichoma badala ya kunituliza.

Dada alipojua, nilitegemea amkemee. Alimpigia simu nami nikiwa pembeni.

"Shemeji, fanya kazi yako," alimwambia. "Usiku wa kulala mbali na watoto, njoo ulale kwenye treila yangu, ufunguo uko kwa jirani. Mimi sigombani na mtu anayefunga nyaya. Nagombana na wanaotaka kuchukua maji bila kusema wanachukua kiasi gani."

Kazi aliichukua ujenzi ulipoanza, na mimi nilichukua muda mrefu zaidi yao wawili kulimeza jambo hilo.

Kikao cha madiwani wa kaunti kilifanyika katika ukumbi mdogo wenye viti vya kukunja. Wafugaji walikuja na kofia zao mapajani. Mjane alivaa gauni la kanisani. Mtu wa kampuni alikuwa kijana nadhifu, mwenye tabasamu, na picha ukutani zikionyesha jengo lao likiwa limezungukwa na nyasi za kijani. Nyasi! Pale! Alisema wamechagua eneo hilo kwa sababu halitumiki. Nilimwangalia mjane. Hakukunja hata uso. Nadhani alikuwa amelisikia neno hilo maisha yake yote.

Zamu ya dada ilipofika, aliuliza swali moja tu. "Mtatoa maji kiasi gani kwa siku?"

"Hiyo ni siri ya biashara, mama," kijana akajibu, bado anatabasamu.

"Maji yaliyo chini ya nyumba yangu ni siri ya biashara yako?"

Ukumbi ukalipuka. Mfugaji mmoja akapiga kofia yake kwenye goti. Mwenyekiti akagonga meza, akasema muda wa dada umekwisha. Haukuwa umekwisha, saa ilikuwa ukutani, sote tulikuwa tunaiona. Kisha madiwani wakainua mikono, mmoja baada ya mwingine, wakaipitishia kampuni msamaha wa kodi na kibali kwa pamoja, wakahamia ajenda ya ukarabati wa choo cha maktaba. Choo kilijadiliwa kwa muda mrefu zaidi kuliko kisima cha mjane. Nilitoka nje nikalia kwa hasira kwenye maegesho, na sioni aibu kulisema.

Mwaka 2019 wakajenga. Kabla hata kompyuta hazijaingia, malori ya maji yalikuwa yakimwaga barabarani kutwa ili vumbi lisiruke na zege likorogeke. Asubuhi moja pampu ya mjane ikaanza kutema hewa. Akampigia dada simu hospitalini, naye akanipigia mimi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma taarifa ya msiba. Kampuni ikasema visima hukauka kwa sababu nyingi. Kaunti ikamwambia mjane alete ushahidi. Mwanamke aliyeteka maji mahali pamoja tangu utotoni, leo alete ushahidi kwamba maji yalikuwapo!

Aliyekuwa akimpelekea maji ya mbuzi wake ni mume wangu. Kila akitoka kazini alijaza tangi nyuma ya gari lake mjini na kulipeleka. Hakuniambia. Niliambiwa na mjane mwenyewe, nilipokwenda kumsaidia dada kuvuna majani ya mlonge. Mkataba wa mume wangu ulipofika mwisho waliomba aendelee, akakataa. Nilipomuuliza sababu, alisema tu, "Siwezi kuwaangalia wale mbuzi."

Halafu ukaja mwaka 2020. Dada alikuwa wodini Houston, amevaa barakoa mpaka pua ikachubuka, analala chumba cha peke yake kwa kuogopa kuwaambukiza wengine korona. Katikati ya hayo kampuni ikaomba kibali cha jengo la pili. Waliuona ni wakati mzuri, nadhani, nani angekuja? Kikao kikafanyika kwa video. Dada alijiunga kutoka kwenye gari lake nje ya hospitali, sare bado mwilini. Alianza kueleza habari za pampu ya mjane, na kabla hajamaliza sentensi wakamzima sauti. Nilikuwa nikiangalia kutoka jikoni kwangu. Midomo yake iliendelea kwenda kwenye kile kidirisha kidogo, hajui kwamba hasikiki.

Yule mhasibu wa Gulfton alimwandikia baadaye: unaona, dada, hata kupinga kwenyewe unahitaji hizo kompyuta. Dada akamjibu kwamba hajawahi kusema zisijengwe. Amesema watu wapewe ukweli kabla ya kuulizwa.

Lakini safari hii walikosea hesabu. Wafugaji waliokuwa wakisikiliza walimwona muuguzi akizimwa sauti, mwaka huo wa wauguzi, na hilo likawakera kuliko visima vyao. Kila aliyepewa nafasi baada yake alisema jambo moja: "Mrudishieni yule mama sauti." Mmoja akakataa kusema lolote jingine mpaka muda wake ukaisha. Madiwani wakaahirisha, na wakaahirisha tena, na mwishowe kampuni ikaliondoa ombi lake la jengo la pili yenyewe.

Hatukushangilia. Jengo la kwanza liko pale, linavuma mfululizo, na kile kimya alichokinunua dada hakipo tena. Mjane alichimbiwa kisima kingine, kirefu zaidi, kwa mchango wa majirani. Kampuni haikuchangia hata ndoo. Na wiki ile ile tuliyopata habari za ombi kuondolewa, tukasikia kampuni imepeleka ombi kwa kaunti nyingine, kusini zaidi, pakavu zaidi.

Dada alipata siku zake za mapumziko, za kwanza baada ya muda mrefu. Nilimsihi alale. Akanipigia akiwa tayari barabarani kuelekea kaunti ile, mjane kando yake anamwelekeza kwa Kihispania.

"Tunakwenda kuwatafuta watu wa huko," akasema. "Wanasema hawapo. Nitagonga mlango mmoja mmoja."