Mafuta ya Beringi ya Santuri

Mashine ya santuri ya shangazi yangu ilikuwa imeanza kuzunguka kwa uvivu, hata mwimbaji wa kike wa taarabu akawa na sauti nzito kama ya mwanamume. Shangazi ni mjane, anakaa peke yake Magogoni. Aliniita mimi kwa kuwa ndimi fundi wa pekee katika ukoo wetu, ingawa ni fundi wa kutengeneza cherehani.

Nilimwamkia, akaitikia, kisha akakiri kabla sijamuuliza.

"Niliitia mafuta ya nazi. Yalikuwa jikoni, nikaona mafuta ni mafuta."

Niliutoa mkanda unaoizungusha, nikaivua sahani inayobeba santuri. Beringi yake ni kitu sahili: mhimili wa chuma umesimama ndani ya kikombe chembamba cha shaba, juu ya gololi moja ndogo. Mafuta ya nazi yalikuwa yameganda humo yakawa kama gundi. Niliyatoa kwa spiriti na kitambaa nilichokizungushia kijiti, mara nne, mpaka kitambaa kikatoka cheupe.

Mkobani nilikuwa na chupa yangu ya mafuta ya cherehani, na sikuwa na shaka nayo. Nikatia matone matatu, nikaizungusha sahani kwa mkono. Ilikwenda vizuri mno. Lakini nilipotega sikio nilisikia chuma kikikwaruza shaba, mkwaruzo mdogo kama wa mchanga. Sahani ile ni nzito, na mafuta yangu mepesi hayakuweza kuibeba.

"Si haya," nikasema.

"Na yanayofaa wayajua?"

"Nitayajua nikiyaona."

Kesho yake nilikwenda Changamwe, kwenye duka la mafuta ya magari. Mwenye duka aliniwekea mbele chupa ya mafuta ya gia, akayasifu kwamba ni mazito na hayavuji. Nilifungua kifuniko nikanusa. Yalinuka kiberiti.

"Haya yana dawa ndani, na beringi yangu ni ya shaba," nilimwambia. "Yataila."

Alinitazama upya. "Wewe ni fundi wa nini, mama?"

"Wa cherehani."

Hakucheka. Alikwenda nyuma, akarudi na mafuta ya kompresa, ile mashine ya kujazia upepo, meupe, hayana harufu. Nilisugua tone kati ya vidole viwili. Yalikuwa mazito kidogo kuliko yangu, mepesi kuliko ya gari. Nikayachukua.

Nyumbani kwa shangazi niliifuta beringi tena, nikatia matone matatu, nikarudisha mhimili. Ulishuka polepole, wenyewe, bila kusukumwa, ukibebwa na mafuta, nikajua tayari nimepata. Niliizungusha sahani na kutega sikio: kimya. Nikarudisha mkanda, nikaweka santuri aliyoichagua yeye.

Mwimbaji alirudi kuwa mwanamke. Nikaanza kumweleza shangazi kwa nini shaba haitaki kiberiti, na kwa nini mafuta ya nazi yasiingie tena humu.

"Nimesikia, mwanangu," akasema, akinisogezea kiti. "Sasa nyamaza tusikize."