Doa la Nne

Katika ukoo ule kila mtu alikuwa na ugonjwa wake, na shangazi alikuwa na jani moja la kuwatibu wote. Mgongo, jino, tumbo, huzuni ya kuachwa: dawa ni unga uleule wa kwenye mkebe. Aliyepona alilisifu jani. Asiyepona aliambiwa hakunywa kwa moyo safi.

Binti wa kaka yake alikuwa mkemia katika maabara ya chuo. Nyumbani walimwita Profesa, kwa kejeli, maana kusoma kote kule hakujawahi kuponya hata paka. Siku moja akachoka kusikia habari za jani, akachota unga kidogo akaenda nao kazini.

Aliuloweka katika spiriti, akachuja. Alipotikisa sehemu yake na maji, povu likasimama kama la sabuni. Alipodondoshea sehemu nyingine chumvi ya chuma, rangi ikawa nyeusi ya bluu: tanini, ile inayokaza ulimi ukinywa chai kali. Kisha akaweka tone kwenye kibati chenye utando mweupe, akakisimamisha katika kimiminika kinachopanda taratibu kikitenganisha viambato. Chini ya taa ya urujuani yakaonekana madoa manne. Matatu ya kawaida. La nne kubwa, safi, halina haya.

Mkuu wa maabara, ambaye hakushika chupa tangu apewe kiti cha kuzunguka, alifika mbio.

"Tumegundua," akasema.

Profesa alishangaa hiyo "tu", kwani alikuwa peke yake tangu asubuhi. Kufikia mchana mkuu alishakipa kiambato jina, na jina lenyewe lilifanana sana na lake.

Lakini doa lile lilimkera Profesa. Akaenda kichakani nyuma ya nyumba ya shangazi, akachuma majani kwa mkono wake, akayakausha kivulini na kurudia kila hatua. Madoa matatu. Doa safi namna ile hutoka kiwandani, si kichakani; basi akaweka kwenye kibati kimoja tone la unga wa mkebe na tone la kidonge cha maumivu cha dukani, kilichoyeyushwa. Yakapanda sambamba, yakatua pamoja kama mapacha. Mashine kubwa ya maabara nayo ikakubali kuwa ni kitu kimoja.

Akamfuata shangazi jikoni.

"Shangazi, unatia vidonge kwenye dawa?"

"Vichache tu."

"Kwa nini?"

"Watu walilalamika jani haliwatulizi. Sasa wanatulia." Shangazi aliendelea kusugua sufuria. "Wewe uliyesoma, ubaya uko wapi?"

"Mtu akimeza vyake, halafu akanywa na vyako, ini linaharibika. Na baba anatumia vyote viwili."

Shangazi akaiweka sufuria chini. Hakuwa na kaka mwingine. Akachukua mkebe, akaumwaga shimoni, akarudi kukaa na mikono yake yenye majivu.

Baba alipimwa. Ini lilikuwa limeanza kununa, ila halijasusa, akapona. Profesa akaripoti povu na tanini, basi. Mkuu aliuliza kama kichaka hakiwezi kujitengenezea vidonge chenyewe. Alipojibiwa, ugunduzi ukawa wa Profesa peke yake.

Shangazi alibaki na wagonjwa wa vidonda, ambao maji ya jani yaliwakaushia kweli. Wenye migongo walimnunia Profesa. Walikuwa wazima kabisa, walisema, mpaka alipokwenda kuwapimia dawa.