Kidole cha Ukoo, Miguu ya Anuari

Katika ukoo wa marehemu Uwesu, huko Mkotokuyana, kidole cha sita hakimshangazi mtu. Mtoto huzaliwa nacho pembeni mwa kidole cha mwisho, laini kama punje ya hindi bichi, na mkunga hukifunga uzi mpaka kinyauke na kudondoka. Hubaki kinundu. Uwesu alikuwa nacho, baba yake alikuwa nacho, na binti yake Zuhra anacho mpaka leo. Kaka yake Zuhra, Anuari, hakukipata. Ni jambo jepesi: mzazi anacho, basi baadhi ya watoto watakipata na wengine watakikosa. Njaa haikiondoi, wala shibe haikileti. Kila mtu kijijini alilijua hilo bila kufundishwa, na ujuzi huo ndio uliokuja kuiangamiza nyumba.

Mwanne, mke wa Uwesu, aliolewa akijua kwamba ameingia mahali pa heshima. Mumewe alikuwa mtu wa sala na wa shamba, na mgeni hakuondoka kwake na njaa. Mwaka aliompeleka Anuari jandoni, mvua zilikatika mapema, mahindi yakakauka yakiwa hayajafika kiunoni. Majirani walimshauri aahirishe sherehe. Uwesu alisema hakuna mtoto wa ukoo wake aliyewahi kutolewa jandoni kimyakimya kama mtoto wa kuokotwa. Watu wakaja, wakacheza ngoma, wakala. Akiba yote ya mbaazi ikaishia katika masufuria ya wageni. Walisifu sana, kisha wakaenda zao.

Kilichobaki shambani ni muhogo mchungu, ambao hata nguruwe wa porini huuonja akauacha. Mwanne aliujua tangu utoto wake: humenywa, hulowekwa mpaka ulainike, huanikwa mpaka ukauke uwe makopa, ndipo hutwangwa. Hiyo ni kazi ya siku nyingi, na watoto walikuwa wanalia leo. Maji nayo yalikuwa mbali. Basi aliutwanga mbichi, akauminya, akauanika juani asubuhi, na jioni akasonga ugali. Nyumba nzima ilikula ugali huo wiki baada ya wiki, kwa majani na chumvi. Zuhra peke yake hakuula, maana alikuwa ananyonya bado.

Siku moja Anuari alianguka akitoka kisimani. Alidhani ameteleza. Alipojaribu kusimama miguu ilitetemeka, magoti yakagongana, visigino vikakataa kugusa chini. Hakuwa na homa wala kidonda. Walingoja apone, wakangoja tena. Hakupona.

Mganga wa zahanati wakati huo aliitwa Gregori, mtu aliyehamishiwa huku kutoka mikoa ya Ziwa. Aliuliza kwanza walikuwa wanakula nini. Alipojibiwa, aliwaita wazazi kando, mbali na mtoto, akavua miwani yake akaeleza polepole kwamba muhogo ule una sumu ikiwa haukulowekwa ukakauka sawasawa, na kwamba mwili uliokosa mbaazi na samaki hauna cha kuishindia sumu hiyo. Alikwishawaona watoto wa namna hiyo kwao, watoto wasio na babu mmoja na Uwesu. Miguu haitarudi, alisema, ila ugonjwa hautaongezeka wakiacha ugali ule.

Uwesu alitangulia kutoka. Walipofika njiani, Anuari amelala mgongoni mwa mama yake, ndipo alipogeuka.

"Mama Anuari, ugonjwa ni wa Mungu. Njaa ni ya mwenye nyumba. Habari ya muhogo nisiisikie tena."

Tangu hapo kila aliyeuliza aliambiwa ni mambo ya ukoo, hata bibi yake Uwesu alikuwa hivyo. Bibi huyo alichechemea kweli, lakini ni baada ya kuanguka kutoka juu ya mkorosho. Watu waliamini upesi. Ikiwa kidole hupita katika damu, miguu ishindwe kwa nini? Mwanne alinyamaza. Alijiambia kwamba anamstahi mumewe, na Uwesu alipokufa, alijiambia kwamba anamstahi marehemu. Lakini siri ya mtungi aijuaye kata. Alijua pia kwamba siku ukoo utakapoondolewa lawama, lawama itaangukia mkono uliousonga ule ugali.

Anuari alikua, akawa fundi simu Nachingwea mjini. Alitembea kwa mikongojo miwili, akikanyagia vidole vya miguu. Watani wake sokoni walimwita Kinyonga, naye aliwajibu kwamba hakuna aliyewahi kumwona kinyonga akikimbizwa na mwenye deni. Wakacheka wote. Hakuoa, na mama yake hakumuuliza.

Ndipo Zuhra alipopata mchumba, Ismaily, mkulima wa ufuta wa Chinongwe, upande wa Ruangwa. Walipendana bila maneno mengi, na Mwanne, ambaye alikuwa hajafurahi siku nyingi, alianza kuimba akitwanga. Posa ilipokelewa. Ikabaki siku ya watu wa Chinongwe kuja kuitazama nyumba. Anuari, kwa kuwa baba alikuwa hayupo, ndiye aliyekuwa walii wa dada yake. Aliketi barazani na wanaume amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Wanawake walikuwa ndani, na kati yao palikuwa na ukuta mwembamba wa udongo.

Shangazi yake Ismaily, Hajira, ndiye aliyeongoza wanawake. Zuhra alipowanawisha mikono, Hajira aliushika mkono wa binti na kuupapasa.

"Hiki ni nini, mwanangu?"

"Kidole, shangazi. Kilifungwa uzi. Marehemu baba pia alikuwa nacho."

"Basi nyumba hii Mungu aliwazidishia vidole, akawapunguzia miguu," Hajira alisema, na wenzake wakacheka kwa mitandio mdomoni. Kisha Hajira akaacha mzaha. Alimtazama Mwanne, akasema hawakuja kwa ubaya, lakini kaka yake, baba wa Ismaily, amezaa mtoto mmoja tu wa kiume, na hangependa kuona wajukuu wanatambaa.

Mwanne aliona kila kitu kinamponyoka. Akasema neno ambalo hakuwahi kulisema.

"Miguu ya Anuari haikutoka katika damu. Ilitoka jikoni kwangu."

Akawasimulia yote: jando, mbaazi, muhogo, na alivyosema Gregori. Hajira alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Ugali huo uliula wewe?"

"Niliula."

"Na marehemu?"

"Aliula."

"Mbona nyinyi mlisimama?"

Mwanne alijaribu. Alisema mtoto anayekua si kama mtu mzima, na kwamba huenda marehemu alikuwa anapata kipande cha samaki sokoni, na kwamba miili haifanani hata ya ndugu wa tumbo moja. Alisema jambo hili si kama kidole, halina sababu moja, ni mambo mengi yaliyokutana. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia kama mtu anayedanganya.

"Mambo yakiwa mengi kiasi hicho, dada yangu," Hajira alisema kwa upole, "watu huyaita ukoo. Na nyinyi wenyewe ndivyo mlivyoyaita."

Waliondoka kwa heshima zote. Jibu lilichelewa, kisha simu ya Ismaily ikawa haipatikani, na baadaye wachuuzi wa ufuta wakaleta habari kwamba ameoa Ruangwa. Zuhra hakulia mbele ya mtu. Alianza tu kuficha mkono wake ndani ya khanga.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ya siku ile ile Mwanne alimwekea mwanawe ugali wa mahindi na mbaazi. Anuari, aliyeyasikia yote kupitia ukutani, hakunawa.

"Mbaazi ziliishia kwenye jando langu?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Na mganga alikwambia hayamo katika damu yangu."

"Alisema."

Aliisukuma sahani pembeni. Kisha akamtaja Munira, binti wa mwalimu wa Mnero, ambaye Mwanne alikuwa hajawahi kumsikia. Munira alimpenda kama alivyo, alisema, na alikuwa tayari kumwambia baba yake. "Nilimkataa mimi. Nilimwambia sitaki kumzalisha watoto wa kutambaa. Sasa ana watatu, mama. Nimewaona sokoni, wanakimbia."

Anuari alivuta mikongojo yake, akainuka kwa taabu, akaenda zake. Tangu siku hiyo analala katika kibanda chake cha simu mjini, na chakula hununua kwa mama ntilie.

Kijijini wanaendelea kusema ni ukoo. Hakuna hata mmoja anayesema kwamba nyumba ya Uwesu iliwahi kukosa chakula.