Pointi za Safari ya Mama Nilizitumia Mimi Kwenda Kupumzika Zanzibar

Admin, nifichie jina, na picha yangu usiiguse. Hapa Bukoba wanaonifahamu ni wengi na baadhi yao wako kwenye ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 39, nina watoto wawili, na baba yao tumeachana. Naishi Kahororo, nafanya kazi ya ofisi mjini. Mama yangu ana miaka 71, yuko kijijini Muleba. Katika ndugu zake alibakiwa na mdogo wake mmoja tu wa kike, Mama Mdogo wetu, aliyeolewa Dar es Salaam tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Figo zilipoanza kumsumbua, Mama Mdogo akawa hawezi tena kuja nyumbani. Mama naye ana magoti mabovu, safari ndefu ya basi haiwezi. Wakabaki kuongea kwenye simu, Kihaya kitupu, wakicheka mpaka chaji inaisha.

Miaka mitatu iliyopita benki ilinipa kadi ya mkopo, ile unayonunulia vitu kwanza halafu unarudisha fedha mwisho wa mwezi. Kila ukinunua kitu unapata pointi, na pointi zikiwa nyingi unazibadilisha kuwa tiketi ya ndege na siku kadhaa za hoteli. Nikamwambia mama, "Usihangaike. Pointi zikitimia nakupandisha ndege ukamwone mdogo wako." Pointi hakuzielewa, ila ndege aliielewa vizuri sana. Akina mama wa usharika wao walipochanga fedha za kuezeka upya nyumba ya mchungaji, mama alisimama mbele yao akasema, "Mpeni binti yangu hizo fedha, yeye anunue mabati kwa kadi yake, na mimi nipate safari yangu." Waitu jamani, wakakubali! Wakaniletea fedha mkononi, nikaenda kulipia mabati na misumari kwa kadi kwenye duka moja pale Bilele. Tangu siku hiyo kila Jumapili mama ananipigia, "Zimefika?" kama mtu anayeulizia ng'ombe mwenye mimba.

Mwaka jana mwezi wa saba zikatimia. Jamani, sikumwambia. Talaka yangu ilikuwa ndiyo kwanza imetoka, nilikuwa nimekonda, silali, nawafokea watoto bila sababu. Wenzangu watatu wa ofisini walikuwa wanapanga kwenda Zanzibar likizo. Mmoja akaniambia, "Wewe si una pointi? Zitumie, utajigharamia chakula tu." Nikajidanganya kwamba za mama zitajaa tena baada ya muda mfupi, na kwamba Mama Mdogo amezoea kuumwa na kupona. Nikabonyeza simu nikiwa nimekaa mezani kwangu kazini. Hata dakika tano hazikuisha, tiketi ikaingia.

Jumapili hiyo mama akapiga kama kawaida. Nikamjibu, "Bado kidogo, mama."

"Haya mwanangu. Usijiumize kwa ajili yangu."

Sitawadanganya, Zanzibar nilifurahi. Nilicheka siku tano mfululizo, kitu ambacho sikuwa nimefanya kwa mwaka mzima. Wakati wa kurudi tulikaa Dar karibu siku nzima tukisubiri ndege ya Bukoba, na kwa Mama Mdogo hakukuwa mbali. Sikwenda. Niliogopa angempigia mama amwambie nimefika. Nikabaki uwanjani nakunywa soda, wenzangu wakichagua picha za kutuma.

Wiki tatu baadaye Mama Mdogo akafariki. Mwili ukaletwa Muleba kwa gari. Mama aliyetamani kukaa na kula na mdogo wake akaja kumwona ndani ya jeneza, uso umebadilika, akawa anauliza watu, "Ndiye? Mna hakika ndiye?" Binti wa marehemu akatusimulia kwamba mama yake alinunua godoro jipya, akalitandikia shuka na hakuruhusu mtu alilalie, kwa sababu dada yake alikuwa njiani kuja.

Hapo ndipo mama aliponishika mkono mbele ya watu wote akasema, "Huyu mwanangu alihangaika sana. Ni pointi tu zilichelewa." Akina mama wa usharika, walewale walionipa fedha za mabati, wakaja mmoja mmoja kunipa mkono. "Pole waitu, ulijitahidi." Nilipita nyuma ya nyumba, nikaingia kwenye migomba, nikajificha humo.

Mwezi uliopita nilikwenda kijijini nikiwa nimeazimia kusema. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi, nikachukua kisu nikakaa naye. Nikaanza, "Mama, kuna jambo nataka kukuambia kuhusu zile pointi."

Hakuniacha nimalize. "Hata mimi nilitaka tuongee habari hiyo," alisema. "Huko Dar sasa sina wa kumfuata. Zikitimia zitumie wewe, mwanangu, uende mahali ukapumzike. Tangu muachane na mwenzako sijakuona ukipumzika hata siku moja."

Nilichoweza kusema ni, "Asante, mama."

Ndugu zangu, mama ana presha, na mimi ndiye mtoto wake aliye karibu. Nikimweleza ukweli naogopa nitamwondolea hata hicho kidogo kinachomfariji, kwamba binti yake alijaribu. Nikinyamaza, kila Jumapili anapiga na kuniombea kwenye simu, na mimi naitikia amina. Kadi nimeifungia kabatini siku nyingi, lakini haijasaidia kitu. Aliyewahi kubeba jambo kama hili kwa mzazi wake aniambie, alisema au alinyamaza? Nitukaneni mkitaka, ila mkimaliza mnishauri. Nianzie wapi kumwambia mama?